Shimesikio bila betri si msaada

Kila Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, picha hazikosi: mgeni rasmi, mtoto aliyevalishwa shimesikio, makofi. Hatuna ugomvi na anayetoa. Ugomvi wetu ni na wanaofunga hesabu siku hiyohiyo, kana kwamba mtoto amekwisha kutibiwa.

Shimesikio hula betri. Ile ndogo mfano wa kidonge, mtoto akivaa kifaa kutwa, mara nyingi haivuki wiki mbili, na duka la mtaani haliuzi. Sikio nalo hukua. Plastiki iliyofinyangwa kulingana na tundu la sikio lake hulegea baada ya miezi kadhaa, kifaa kinaanza kupiga mluzi, darasa zima linageuka na kucheka. Anakivua. Mama, akijua bei yake, anakifungia kabatini kisipotee. Huko ndiko msaada wa mgeni rasmi unakoishia.

Hata kikiwa kizima, hakimpi mtoto masikio mapya. Kinakuza kila kitu: sauti ya mwalimu, madawati yanayoburutwa, mvua juu ya bati. Mtoto anashinda akichambua maneno katika kelele hizo, anarudi nyumbani hoi, halafu anaitwa mvivu, au mkaidi. Kliniki itampima desibeli. Ni nadra kumuuliza kama amechoka, kama ana wa kucheza naye wakati wa mapumziko. Hayo nayo ni afya yake.

Ukosefu wa utaalamu si kisingizio. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, kazi ngumu mara nyingi kuliko kubadilisha betri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, na ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kilichobaki ni kuamua.

Tunasema hivi. Betri, plastiki mpya za sikio na miadi ya kurekebisha kifaa viingie katika kitita cha bima na bajeti za halmashauri, si kusubiri hisani. Mwalimu amketishe mtoto huyu mbele na amtazame usoni anapozungumza. Hilo halihitaji hata shilingi. Na mfadhili au ofisi yoyote inayogawa mashimesikio bila mpango wa kuyahudumia, iache kuwaita watoto kupigwa picha.