UKURASA WA SHULE: Kabla ya kununua, tuulize nani atatunza



Jumapili ijayo, saa nane, tutakaa katika uwanja wa shule hapa kwetu Kolwezi kuamua juu ya dola 300 za mfuko wetu. Mnajua jinsi zilivyokusanywa: mandazi, makala, maharagwe, viti vya kukodisha kwa matanga na harusi. Wengi wanataka tuwanunulie watoto wa shule ya msingi tableti. Kabla ya kuinua mikono, tunaomba mtusikilize kidogo.

Kwanza tukiri kosa letu. Miaka mine iliyopita, katika ukurasa huu huu, tulisifu sana kompyuta sita ambazo shule ilipewa. Tuliandika kwamba watoto wetu wameingia katika dunia mpya. Leo kompyuta zile ziko katika ofisi ya direktere, zimefunikwa kwa kitenge. Mbili ziliungua usiku umeme uliporudi kwa nguvu. Moja ilipoteza waya wake. Tatu zinadai neno la siri, na aliyelijua alikwisha ondoka. Hakuna aliyeiba. Ila hakuna aliyeuliza: nani atazitunza, na kwa feza gani? Hata sisi walimu hatukuuliza, tulipiga makofi tu.

Na si sisi peke yetu. Inchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iligawa kompyuta ndogo za mkono kwa mamia ya maelfu ya watoto wa shule za msingi. Mpango wenyewe ulianza na ndoto ya kompyuta ya dola 100, lakini bei ilipita pale. Mwaka 2012 wachunguzi walilinganisha shule zilizopewa na zile zisizopewa. Katika hesabu na kusoma, watoto hawakuachana. Kompyuta zilifika, lakini namna ya kufundisha ilibaki ile ile.

Sasa tufanye hesabu yetu. Sokoni tuliambiwa tableti moja ni dola 75. Kwa dola 300 tunapata 4. Darasa letu la tatu lina watoto 62. Mmoja atagusa, kumi na wanne au kumi na watano watatazama mgongo wake. Tena mabwawa ya Nzilo na Nseke hayako mbali nasi, lakini ninyi wenyewe mnajua ni siku ngapi kwa juma umeme unafika katika kartie. Tutahitaji sahani ya jua, na feza itakuwa imekwisha.

Kuna jambo lingine, la luga. Sheria ya masomo ya mwaka 2014 inasema watoto wa madarasa ya kwanza wafundishwe kwa luga za kwetu. Tableti ile ya sokoni ilikuwa na michezo ya Kiingereza na Kifaransa. Mtoto ambaye bado anatafuta silabi za Kiswahili atajifunza nini pale, zaidi ya kusukuma picha kwa kidole?

Mama mmoja alitukatiza katika mkutano wa juma iliyopita. Alisema: "Kobalti ya batri za simu za dunia nzima inatoka hapa chini ya miguu yetu. Watoto wa wengine washike tableti, wa kwetu wabaki na redio?" Watu walinyamaza. Sisi pia tulinyamaza, sababu ana haki. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kuna watoto wanaochimba wakati wangepaswa kuwa darasani. Lakini mama, jibu la uonevu ule si kununua kitu kitakachokufa mwezi wa tatu. Watoto wetu wakijua kusoma vizuri na kuhesabu vizuri, siku tableti itafika mkononi mwao wataitawala.

Haya ndiyo tunayoyapendekeza, na bei tuliziuliza sisi wenyewe. Redio yenye kuingiza karte ya memwari, dola 20. Sahani ya jua ya wati 50, dola 35. Batri ya jua, si ile ya gari, dola 45. Kifaa cha kulinda batri, dola 10. Taa tatu, dola 15. Sanduku la chuma na kufuli, dola 25. Jumla 150. Dola 60 ni za kuchapa hadithi za watoto. African Storybook inazo nyingi za Kiswahili, bila malipo, na ni ruhusa kuzichapa. Maneno fulani si ya kwetu, tutayaeleza. Dola 90 zinazobaki zisiguswe: ni za matengenezo.

Redio moja inasikiwa na watoto wote 62. Wengine watakumbuka mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid: Radio Okapi ilitangaza masomo, na mtoto mwenye redio nyumbani hakupotea kabisa. Kwa karte ya memwari tutarekodi hadithi kwa sauti zetu, pamoja na hadithi za mababu mtakazotusimulia. Jioni taa zitawasaidia wa darasa la sita kujitayarisha kwa ENAFEP.

Lakini tuwekeane masharti. Mwalimu mmoja na mama mmoja wa komite ya wazazi washike funguo, kila mmoja kufuli yake. Sahani ipanguswe vumbi kila juma, hasa kiangazi. Batri isitumiwe kupita nusu, vinginevyo itakufa mapema. Siku za jua, simu nne za wazazi zichajiwe kwa franka 500 kila moja, nazo ziandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Zaidi ya simu nne hapana, hata ikiwa ni ya direktere, hata ikiwa ni yetu.

Baada ya mwaka tutawasomesha watoto mmoja mmoja mbele yenu. Ikiwa hawakuendelea, mtatuuliza sisi. Ikiwa wameendelea na daftari lina feza, tutarudi kuzungumza juu ya tableti, na tutakuwa wa kwanza kuinua mkono.

Njooni Jumapili, hata asiyekubaliana nasi. Zaidi sana yeye.