Okidi, Vipepeo na Somo la Nje ya Darasa

Walimu wanafunzi wengi wakitakiwa kuandaa ziara ya kimasomo hufikiri kwanza juu ya basi. Huwaza mbuga za Serengeti au Mikumi, huwaza tembo na simba, kisha huwaza fedha. Na kwa kuwa fedha hazipo, somo hurudishwa ubaoni. Hapo mwalimu huchora kipepeo kwa chaki nyeupe, huandika majina ya sehemu zake, na watoto hunakili. Nje ya dirisha, juu ya mlimau wa shule, kipepeo mwenyewe anataga mayai, wala hapana amtazamaye.

Maoni yangu katika makala haya ni mawili. La kwanza, matembezi ya karibu, ya mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni mwa darasa, yana manufaa makubwa kwa mtoto wa shule ya msingi kuliko safari ya mbali ifanywayo mara moja katika miaka saba. La pili, matembezi hayo yawe ya kutazama, wala si ya kuchuma na kukusanya. Hili la pili ndilo lenye ubishi, nami nitalieleza kwa mfano wa Nyanda za Juu Kusini.

Kati ya mikoa ya Mbeya na Njombe iko nyanda ya Kitulo, iliyo katika kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na sababu kubwa ya kuilinda haikuwa wanyama bali maua. Humo mna aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini. Mvua zianzapo kushika, kuanzia Desemba hata Aprili, uwanda huo hubadilika rangi juma baada ya juma. Shule hufunguliwa Januari. Kwa hiyo muhula wa kwanza na majira ya maua hukutana. Mwalimu wa Makete au wa Mbeya Vijijini hana haja ya kungoja hifadhi, kwa maana okidi za jamii hizo huota pia katika majani ya mabonde na vilima vilivyo nje ya mipaka yake.

Okidi ni mmea wa kufundishia wa ajabu. Ua lake lina sehemu sita za rangi, tatu za nje na tatu za ndani, na moja ya zile za ndani huwa na umbo la pekee, mfano wa mdomo. Katika okidi za jamii ya Satyrium, mtoto akitazama nyuma ya ua ataona vijimkia viwili vyenye uwazi ndani, ambamo asali ya ua huwekwa. Mwulize: ni mdudu gani awezaye kufika huko chini? Swali hilo moja huwaongoza watoto kwenye ulimi mrefu wa kipepeo na wa nondo, kisha kwenye uchavushaji, bila mwalimu kutamka neno gumu hata moja. Tena chavua ya okidi haitawanyiki kama unga. Imeshikamana vidonge vidonge, na kidonge hicho humgandama mdudu akakipeleka kwenye ua jingine. Mbegu zake nazo ni ndogo mfano wa vumbi, wala hazina akiba ya chakula. Haziwezi kuota mpaka zipate ukungu fulani wa udongoni wa kuzilisha, na huchukua miaka mche kufikia kutoa ua.

Sasa tutazame desturi tuliyoirithi. Mwalimu huwaambia watoto, "Kesho kila mmoja aje na maua matano." Darasa lina watoto 60. Asubuhi yake meza ya mwalimu ina maua 300, na kufikia saa sita yote yamenyauka. Ua lililochumwa halitoi mbegu. Agizo hilo likitolewa kila mwaka katika bonde lile lile, shule inakuwa adui wa kile inachokifundisha. Ndivyo ilivyo pia kwa sanduku la vipepeo waliochomwa pini. Mtoto hujifunza rangi za mbawa, lakini hajui kipepeo huyo alikula nini, alitaga wapi, wala alikimbiliaje maisha yake.

Wapo wakufunzi wenzangu wasemao kwamba bila kushika hakuna kujifunza, na kwamba njia ya vitendo inadai kitu mkononi. Hoja hiyo ina uzito. Mtoto mdogo hujifunza kwa vidole vyake. Lakini kushika si lazima kuwe kung'oa. Mtoto aweza kupiga magoti, akaligusa ua pale lilipo, akahesabu, akanusa, akapima urefu wa shina kwa rula na kuchora. Na panapohitajika kitu cha kupasua darasani, yako maua ya maboga, ya maharage na ya mwarobaini ambayo hayapungui kwa somo letu.

Liko jambo zito zaidi ambalo mwalimu mgeni katika sehemu hizo hana budi kulijua kabla hajafungua kinywa. Viazi vya okidi ni chakula. Nchini Zambia hupondwa, vikachanganywa na unga wa karanga na pilipili, vikapikwa mpaka vikawa mkate mzito uitwao chikanda. Okidi zilipopungua huko Zambia, wafanyabiashara walivuka mpaka, na viazi vingi sana vimechimbwa katika Nyanda zetu za Juu Kusini na kupelekwa huko. Kiazi kichimbwacho ndicho akiba ya mmea ya mwaka ujao. Kikitoka, aghalabu mmea umekufa. Ndiyo maana biashara ya okidi kuvuka mipaka ya nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Washington mwaka 1973.

Basi, fikiria umesimama mbele ya Darasa la Tano, unasema kwamba wachimbao okidi ni waharibifu. Mtoto mmoja ameinamisha kichwa. Sare aliyovaa na daftari aliloandikia vimenunuliwa kwa viazi alivyochimba mama yake. Umefundisha nini? Umemfundisha kwamba shule ni mahali pa kumhukumu mama. Kuanzia siku hiyo hatasema neno, na yeye ndiye ajuaye kuliko wewe mahali zinapoota okidi, aina ipi ina kiazi kinene, na ipi haifai.

Mwalimu mwenye busara hugeuza mambo. Huwaachia watoto wenye ujuzi huo waseme. Huuliza: zamani wachimbaji walikwenda mbali kiasi gani? Leo je? Kwa nini? Huwatuma wakawaulize bibi na babu zao. Huleta hesabu: ikiwa mmea mmoja hutoa kiazi kimoja kizuri, debe moja ni mimea mingapi? Wajaze kopo kwa mawe ya ukubwa huo wahesabu, kisha wakadirie debe. Watoto watafika wenyewe kwenye jibu, nao watalichukua nyumbani kwa adabu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu imfanyayo kijana adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwamba wazee wake hawajui kitu. Somo la okidi ni mahali pazuri pa kusahihisha dhana hiyo.

Tusidhani pia kwamba kila aishiye kwa viumbe vya porini huviangamiza. Katika milima ya Usambara Mashariki, kandokando ya msitu wa Amani, wanavijiji walijifunza kufuga vipepeo: walipanda miti inayoliwa na viwavi, wakawalea katika vibanda vya wavu, na pupa wakauzwa Ulaya na Marekani katika nyumba za maonyesho. Huko Kenya, kazi kama hiyo ilianza mwaka 1993 kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mfugaji wa vipepeo huuhitaji msitu uwe hai. Hata hivyo mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na soko la wafugaji wale likafungwa. Watoto wa Darasa la Sita wanaweza kulijadili jambo hilo pande zote mbili.

Walio mbali na nyanda hizo wasikate tamaa. Mlimau, mchungwa au mndimu wa shule unatosha. Yupo kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, ambaye hutaga yai moja moja kwenye majani machanga ya miti hiyo. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Kundi moja limweke kiwavi mmoja katika chupa yenye mdomo mpana, pamoja na tawi, limfunike kwa chandarua, limbadilishie majani kila siku, na kuandika yaonekanayo. Baada ya majuma machache atatoka kipepeo, naye aachwe aruke.

Najua vikwazo. Darasa lina watoto 80, na kipindi ni cha dakika 40. Gawa makundi kumi ya watoto wanane. Kila kundi lipewe kamba ya mita nne na vijiti vinne, litengeneze mraba wa mita moja, na kazi yake iwe humo tu: kuhesabu aina za mimea na wadudu, kuchora kiumbe kimoja, na kuandika jina lake kwa lugha ya nyumbani. Nenda kwanza peke yako siku iliyotangulia ukague nyoka, nyuki na mashimo. Mwarifu Mwalimu Mkuu. Chagua saa nne asubuhi, jua likiwa limepasha majani joto, kwa maana katika baridi ya nyanda za juu vipepeo hawaruki mapema. Agiza swali moja kabla ya kutoka, si maswali kumi. Na siku hiyo hiyo, mrudipo darasani, michoro itundikwe ukutani.

Wengine watasema mitihani haiulizi hayo. Mitihani huuliza juu ya ua, uchavushaji na hatua za ukuaji wa mdudu. Mtoto aliyemlea kiwavi hana haja ya kuzikariri hatua hizo.

Ninyi mtakaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao, andikeni katika maandalio yenu ya somo angalau matembezi mawili ya karibu, nanyi mtuletee sisi wakufunzi daftari za watoto ili tuzisome pamoja. Msituletee maua.