Wanaotembelea tovuti si wote wanunuzi

Mfanyabiashara wa vitunguu swaumu wilayani Mbulu, au mkulima wa ngano wa Basotu wilayani Hanang, anapoombwa kulipia tangazo kwenye tovuti, huonyeshwa kwanza idadi ya waliotembelea. Namba ikiwa kubwa, mfuko hufunguka. Ni vema aulize kwanza: kati ya hao, watu ni wangapi?

Swali hilo si la utani. Ripoti ya kampuni ya Imperva ya mwaka 2025 ilieleza kuwa asilimia 51 ya shughuli za mtandaoni mwaka 2024 zilifanywa na programu zinazojiendesha, si watu. Baadhi ni halali, kama Googlebot inayosoma kurasa ili zipatikane mtu anapotafuta, na GPTBot inayokusanya maandishi ya kufundishia akili mnemba. Lakini hakuna hata moja itakayonunua gunia. Mnadani Katesh hakuna anayehesabu kunguru kuwa wateja.

Bahati nzuri, seva huandika kila ombi: anwani lilikotoka, saa, ukurasa ulioombwa na jina la programu iliyoomba. Fundi anaweza kupepeta kumbukumbu hizo kama nafaka. Kwanza, aondoe roboti zinazojitaja. Pili, ahakiki majina, kwani programu yoyote inaweza kujiita Googlebot. Google imeweka utaratibu wa kuthibitisha anwani zake. Tatu, aondoe zinazofuata kurasa moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo binadamu hawezi kusoma.

Hata hivyo, anayepepeta kwa pupa humwaga na punje. Kampuni za simu huweza kuwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Fundi anayefuta kila anwani yenye maombi mengi anaweza kuwafuta wakulima wa Haydom na Dongobesh wanaotafuta bei kwa simu, kisha akadai kuwa vijijini hakuna wasomaji. Huduma ya bei ikifungwa kwa hesabu hiyo, hasara ni ya mkulima.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mkulima na mfanyabiashara wadai namba mbili: ya kabla ya kuchuja na ya baada ya kuchuja, pamoja na maelezo ya kilichoondolewa. Mwenye tovuti asiyeweza kuzitoa hajui anauza nini, na anayemlipa hajui ananunua nini.