KISHIKWAMBI SI CHA KUFUNGIWA KABATINI



Mwaka 2017 hadi 2019, humu humu Mkoani Tanga, watoto wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Wengi wao shule hawakuwahi kukanyaga. Umeme ulikuwa wa jua, mwalimu hakuna. Wakafundishana wao kwa wao, na wengi wakaanza kusoma.

Baada ya Sensa ya 2022 walimu wa serikali nao waligawiwa vishikwambi. Kama ni vya kujazia takwimu tu, hasara! Mimi nasema watoto warekodi hadithi za bibi zao, Kiswahili na Kisambaa, ziwekwe maktaba ya shule wenzao wazisikilize. Mtasema vitaharibika. Jembe nalo huvunjikia shambani, siyo darini. Ushirika utoe paneli moja ya kuchajia. Hoja nailetea mkutanoni.

Katibu wa Chama, Vugiri