Baraza Lisilodai Kiingilio: Hoja Kutoka Warwick

Kuna sifa ambazo ni matusi yaliyovaa kanzu safi. Mojawapo ni ile orodha ya "starehe za bure" inayoandikwa kuhusu miji ya pwani ya Bahari ya Hindi: pita sokoni, nusa viungo, sikiliza adhana na kengele za kanisa, tazama mavazi ya watu, kisha rudi ulikofikia bila kutoa hata senti. Orodha hizo zimeandikwa kuhusu Zanzibar na Mombasa hadi zimechakaa, na Durban nayo haikuachwa nyuma. Kosa lake si kudai kwamba furaha hiyo ipo. Ipo, tena ni kubwa. Kosa lake ni kuizungumzia kana kwamba ni mvua au machweo, kitu kilichoshuka kutoka mbinguni bila mkono wa binadamu.

Hakuna mahali panapoliumbua kosa hilo kama Warwick Junction, makutano ya barabara, reli na masoko yaliyo ukingoni mwa kitovu cha Durban, kando ya stesheni ya Berea. Durban si kisiwa, lakini Warwick ni kisiwa kwa namna yake: imezingirwa na barabara za juu zilizojengwa enzi ya ubaguzi wa rangi kwa ajili ya magari ya watu wengine, yapite juu ya vichwa vya umma bila kuugusa. Chini ya barabara hizo, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, hupita watu wapatao 460,000 kwa siku, na wachuuzi wanaowahudumia ni kati ya 5,000 na 8,000. Hao ndio wenyeji wa kisiwa hicho.

Mtu asiye na randi hata moja mfukoni anaweza kuingia humo kabla jua halijachomoza na asiulizwe anataka nini. Atawakuta wasukuma mikokoteni wakitoa shehena za wachuuzi maghalani na kuzifikisha kila moja mahali pake, kazi inayoanza wakati mji mwingine wote umelala. Ataingia Early Morning Market, yaani Soko la Alfajiri, lililofunguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya wakulima wa mboga wenye asili ya Kihindi, wengi wao wakiwa wazao wa vibarua wa mkataba walioanza kuteremka bandarini humo mwaka 1860. Leo Wahindi na Waafrika huuza humo bega kwa bega. Akitoka atawapita wanawake wanaochemsha vichwa vya ng'ombe na kuikata nyama yake kwa ustadi ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Atawaona wengine wakiuza madonge ya udongo mweupe na mwekundu, na mafungu ya impepho, mmea unaofukizwa Wazulu wanapozungumza na wahenga wao. Akipanda juu, kwenye barabara ambayo ujenzi wake uliachwa njiani, atalikuta soko la mitishamba: magome, mizizi na mafuta ya wanyama pale ambapo wahandisi walikusudia pawe na lami na moshi wa magari. Hatua chache kutoka hapo, redio hushindana kwa nyimbo za injili na za maskanda.

Yote hayo hayana kiingilio. Macho hayana pazia, wala pua haina mlinzi. Hata hivyo, mwenye kuandika neno "bure" baada ya matembezi hayo anatakiwa kujibu swali moja: bure kwa nani? Kila harufu aliyoinusa ina mtu aliyeamka saa nane za usiku kuitengeneza. Kila kizimba kina ada inayolipwa manispaa, na kila kipande cha ukingo wa barabara kina kibali chake. Mgeni hakulipa kwa sababu mwenyeji alikwisha kulipa.

Waswahili wanalo neno la jambo hili. Baraza ni kile kiti cha mawe kilichojengwa ukutani mwa nyumba, nje ya mlango, ambapo mpita njia hukaa, hupumzika, husikiliza habari na kuondoka bila kudaiwa. Aliyelijenga alitumia chokaa yake, mawe yake na upana wa kiwanja chake. Ukarimu wake haukuondoa gharama; uliibeba. Na si ajabu kwamba Kiswahili kimelitumia neno hilohilo kwa chombo kinachotawala mji. Baraza la jiji, kwa haki ya jina lake, lingepaswa kuwa mlinzi wa kwanza wa kila mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kununua.

Historia ya Durban ni historia ya baraza la jiji lililoisaliti maana hiyo. Mwaka 1908 koloni la Natal lilipitisha sheria iliyouwezesha mji kuhodhi biashara ya pombe ya kienyeji. Wanawake waliokuwa wakiipika wakageuzwa wahalifu, wanaume wakaelekezwa kwenye kumbi za manispaa, na faida ikatumika kugharimia mabweni, askari na makarani waliomtawala mnywaji mwenyewe. Mwafrika alinunua kwa mshahara wake kamba aliyofungiwa. Utaratibu huo ukajulikana kama Mfumo wa Durban, na haukubaki huko: Nairobi ya kikoloni iliuiga katika miaka ya 1920. Wanawake wa Cato Manor walipouvamia ukumbi wa pombe wa manispaa Juni 1959, walikuwa wakipigania riziki yao, lakini walikuwa pia wakiukataa mji uliomtambua mtu mweusi kwa sura mbili tu, kibarua au mteja. Mtu aliyesimama tu njiani akitazama, bila mwajiri wala cha kununua, mji huo ulimwita mzururaji na kumdai pasi.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulisikia jambo hili kwa karibu zaidi. Kuanzia mwaka 1873, Waafrika waliotolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza walipelekwa Durban kupitia Zanzibar. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini mji ukawaita Wazanzibari, na jina likawaganda wao na wazao wao. Uhuru waliopewa ulikuwa uhuru wenye mwajiri: walipofika walikabidhiwa mikataba ya kazi. Walichokuja kukipata kama makao kilitoka kwingine. Waislamu wenye asili ya Kihindi wa Msikiti wa Juma, ule ulioanza mwaka 1881 katika mtaa uliokuwa ukiitwa Grey, walinunua ardhi King's Rest, ng'ambo ya bandari, ikawekwa wakfu na Wazanzibari wakaishi juu yake. Mapema katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi, ikiwa imekwisha kuwaandika katika fungu la "Waasia wengine", iliwang'oa hapo na kuwahamishia Chatsworth.

Wakfu ni ndugu wa baraza. Ni mali ambayo mwenyewe ameifungia mlango wa biashara ili wengine waifungue mlango wa maisha. Msikiti ule ungali hapo, jirani na Kanisa Kuu la Emmanuel, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Warwick. Kando ya kanisa hilo, tangu mwaka 2015, kipo Kituo cha Denis Hurley kinachohudumia wasio na makazi na wakimbizi, wakiwamo Wakongomani waliokuja na Kiswahili chao cha Kivu. Anayetaka kujua kwa nini eneo hili lina lugha nyingi asiitafute sababu katika "tabia ya ukarimu" ya pwani. Aitafute katika mikono iliyoweka kitu kando na kusema: hiki hakiuzwi.

Sasa itazamwe 2009. Durban ikijiandaa kupokea Kombe la Dunia la 2010, manispaa ya eThekwini iliamua kumkodisha mwekezaji binafsi eneo la Soko la Alfajiri, ili jumba la kisasa la maduka lisimame pale ambapo soko lilikuwa likikaribia kutimiza miaka 100. Hoja zilikuwa zilezile zinazosikika Kariakoo, Kongowea na kwingineko: usafi, ajira, usalama, sura ya mji mbele ya wageni. Wachuuzi walikataa. Walifungiwa milango, wakapigwa risasi za mpira, wakaenda mahakamani wakisaidiwa na mawakili wa Legal Resources Centre. Mwaka 2011 manispaa iliufuta uamuzi wake.

Mtetezi wa jumba la maduka atasema kwamba nalo halina kiingilio. Mtu yeyote anaweza kutembea humo akitazama vioo. Hoja hiyo inasahau mlinzi wa mlangoni. Jumba la maduka huvumilia macho kwa matumaini kwamba yatageuka kuwa manunuzi, na asiyeonekana kuwa na matumaini hayo huombwa atoke. Viti vyake viko ndani ya mkahawa. Na hata kama mlinzi angeondolewa, swali kubwa lingebaki: nani angekuwa humo wa kutazamwa? Mama wa vichwa vya ng'ombe hawezi kulipa pango la duka lenye kiyoyozi. Muuza impepho hawezi. Mji uliojiandaa kwa wageni kwa kuwafukuza wenyeji ungewaonyesha wageni hao maduka waliyoyaacha kwao.

Mtetezi huyo ana hoja moja yenye uzito, nayo isikwepwe. Warwick si bustani. Ina wizi, ina msongamano, na wapo watu waliowahi kulala juu ya bidhaa zao kwa kukosa ghala na nauli. Kuipamba shida hiyo kwa jina la utamaduni ni ukatili. Lakini jibu la shida hiyo lilikwisha kupatikana palepale. Katikati ya miaka ya 1990 manispaa hiyohiyo ilianzisha mradi wa kulifufua eneo kwa kukaa na wachuuzi na kuwauliza wanachohitaji. Soko la mitishamba lilipandishwa kwenye barabara iliyoachwa kwa njia hiyo, waganga wakatoka kwenye kingo za barabara walikokuwa wakinyeshewa. Wapishi nao walitengewa mahali panapofaa kazi yao. Hapo ndipo hoja ya usafi inapokufa: paa, maji na ghala vinaweza kuletwa pasipo kumwondoa mtu. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo ndani ya manispaa walitoka na kuanzisha mwaka 2008 shirika la Asiye eTafuleni, linaloendelea kuwasaidia wachuuzi hadi leo.

Wala mchanganyiko wa watu si pambo lililojitengeneza. Januari 1949, ugomvi ulioanzia mtaa wa Victoria, jirani na hapohapo, uligeuka kuwa ghasia kati ya Waafrika na Wahindi, na hesabu rasmi ilitaja vifo 142. Aprili 2015 wageni kutoka nchi za Afrika walishambuliwa tena katika mji huohuo. Anayeandika kwamba "watu wa kila asili huishi hapa kwa upatano" anawanyima wachuuzi sifa yao halisi: upatano huo wanaufanya upya kila asubuhi, kwa kukopeshana chenji, kulindiana vizimba na kujifunza maneno ya lugha za wenzao, katika mji unaojua vizuri mbadala wake.

Ukweli huu uvuke mpaka. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa katika barabara nyingi za Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, na wengi waliosikika wakishangilia walikuwa wasomi waliokula mahindi ya kuchoma ya wamachinga hao walipokuwa wanafunzi. Huko Zanzibar, anayesifu uchochoro wa Mji Mkongwe hataji mara nyingi kwamba nyumba zake zinaendelea kugeuka hoteli, na baraza la hoteli si baraza tena. Ni mlango wa biashara. Fasihi ya Kiswahili nayo imechangia. Imeuimba mji wa pwani kwa marashi na karafuu kwa muda mrefu mno, ikamwacha mpakiaji wa karafuu nje ya ubeti.

Kuufurahia mji bila fedha ni haki, tena ni kipimo cha mji wenyewe. Mji ambao maskini hawezi kukaa humo saa moja bila kununua ni duka kubwa lenye meya. Lakini haki hiyo inakuja na wajibu ambao wahenga waliutamka wazi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye randi anunue mahindi ya kuchemsha na asiombe apunguziwe. Asiye nayo analo jembe jingine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Durban ilitamka kwamba vifungu vya sheria ndogo vilivyoruhusu bidhaa za wachuuzi kutaifishwa ovyo vilikuwa kinyume cha katiba. Kesi hiyo ilianza kwa mchuuzi mmoja aliyenyang'anywa bidhaa zake mwaka 2013 na akakataa kunyamaza. Yeye alikuwa na mengi ya kupoteza. Maelfu waliowahi kupita mbele ya vizimba kama chake, wakashibisha macho na kwenda zao, walikuwa na machache zaidi, na wangeweza angalau kuhudhuria.