Neno Baba Katika Madarasa ya Kiuu

Kuna neno moja ambalo sisi walimu wa somo la dini hulitamka darasani pasipo kulipima, nalo ni neno "baba". Twasema Mungu ni baba yetu, wanafunzi wakaandika madaftarini, kengele ikalia, nasi tukaenda zetu. Lakini katika wadi ya Kiuu, eneo bunge la Ruiru, mahali ambapo wengi hupaita Githurai tu, neno hilo halimfikii kila msikilizaji kwa namna moja. Yuko mtoto ambaye baba kwake ni mkono uliomshika alipokuwa mdogo wakivuka Barabara ya Thika. Yuko mwingine ambaye baba ni picha iliyopauka ukutani, au sauti ya simu mara mbili kwa mwaka, au kipigo cha usiku wa mwisho wa mwezi. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, ikiwa Mungu ni baba, je, naye huondoka?"

Darasa zima lilinyamaza. Hakuwa akifanya mzaha.

Swali lile lilikuwa la haki kabisa, na ndilo nipendalo kulijadili na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao. Tunawahimiza vijana wamtumainie Mungu wakati wa dhiki kama mtoto amtumainiavyo mzazi. Ni wito mwema. Hata hivyo, asiyeonja malezi mema utamwambia amtumainie mzazi gani? Mfano haufundishi kitu endapo anayefundishwa hakijui kile anachofananishiwa.

Lugha yetu ya Kiswahili, kwa bahati njema, inatupa njia ya kutokea. Kwanza, haimlazimishi Mungu awe mume wala mke, kwani nafsi ya tatu ni "yeye" basi. Pili, wahenga walitenganisha mambo mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya, yaani kuzaa na kulea. Walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mzazi anaweza kuwa mzazi kwa siku moja tu; mlezi hawi mlezi ila kwa kukaa. Basi nilimwomba yule msichana asahau kwanza neno baba, anitajie mtu aliyekaa. Hakufikiri kwa muda mrefu. Alimtaja nyanya yake, auzaye nyanya katika soko la Githurai (wanafunzi wa Kiswahili watautambua mchezo wa maneno, ingawa haukupangwa na mtu), anayeamka saa tisa za usiku ili awahi mzigo, na ambaye hajakosa kumwandalia mjukuu chai ya asubuhi hata siku moja. Nikamwambia aanzie hapo.

Wapo watakaonishutumu kwamba napotosha mafundisho. Sidhani. Marehemu Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui aliyefariki mwaka 2019, alichapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu jinsi Waafrika wamwonavyo Mungu, akikusanya habari za zaidi ya makabila 200. Wengi humwita Baba, lakini wapo wanaomwita Mama, miongoni mwao baadhi ya Wanuba wa Sudan. Wala hatuna haja ya kwenda Sudan. Jina Ngai, ambalo wazee wa Kiambu na Murang'a walilitaja wakiielekea Kirinyaga, linafanana na lile la jirani zetu Wamaasai, Enkai, na kiambishi kinachoanza jina hilo katika lugha ya Kimaasai ni cha kike. Nao Waislamu, ambao hawamwiti Mungu baba, hufungua takriban kila sura ya Kurani kwa majina mawili, Rahmani na Rahimu, yanayotokana na shina moja na neno la Kiarabu lenye maana ya tumbo la uzazi. Neno letu "rehema" limetoka huko huko. Kila mara tuombapo rehema tunamtaja mama bila kujua.

Sasa nije kwenye dhiki yenyewe, maana ndiyo kipimo.

Kisa ambacho ningependa kifundishwe zaidi, na ambacho somo la dini ya Kikristo na lile la Kiislamu yanaweza kukifundisha pamoja, ni cha Hajiri na mwanawe Ishmaeli. Katika kitabu cha Mwanzo mama huyu anafukuzwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yanakwisha jangwani, anamlaza mtoto kivulini chini ya kijiti, anakwenda kuketi mbali asije akamwona akifa, analia. Katika mapokeo ya Kiislamu anakimbia baina ya vilima vya Safa na Marwa mara saba akitafuta maji au msafiri, mpaka chemchemi ya Zamzam inabubujika. Mahujaji hadi leo huzifuata nyayo zake. Tazama basi mambo mawili. Hajiri alimtumainia Mungu, lakini hakuketi akangoja kikombe kishuke kutoka mbinguni, alikimbia. Tena maji hayakutokea pale alipokuwa akikimbilia. Mimi naona humu somo kubwa kwa mtahiniwa wa Kiuu anayesoma chini ya taa ya kibatari, akiulizwa na rafiki zake mbio hizi zote ni za nini.

Kinyume cha Hajiri tulikiona katika nchi yetu wenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, mingi ikiwa ya watoto, na taifa likaelezwa kwamba watu wale walifundishwa kujinyima chakula hadi kufa ili wakutane na Mwokozi. Kesi zilifikishwa mahakamani, na kuhukumu si kazi yangu. Lakini kama mwalimu nina neno juu ya fundisho lenyewe. Mungu anayedai mtoto afe njaa ili kuthibitisha imani ya wazazi wake si mlezi wa aina yoyote tunayoijua, si kwa Mgikuyu, si kwa Mgiriama. Hata yule nyanya wa sokoni, kwa umaskini wake wote, angemshinda kwa wema. Ndiyo maana nashikilia kwamba mfano wa mzazi si pambo la mahubiri. Ni kizuizi. Mwanafunzi aliyeuelewa vizuri ana kitu cha kumpimia kila mhubiri atakayemjia na ahadi au vitisho.

Ipo pia namna nyingine ya kumchafulia Mungu jina, ya upole zaidi, na hii hutendeka katika matanga yetu. Usiku wa tarehe 25 Juni 2024, baada ya waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha kuingia Bunge jijini Nairobi, risasi zilirindima Githurai. Rais aliukataa mswada ule siku iliyofuata. Idadi ya waliouawa Githurai imebishaniwa tangu hapo, lakini misiba ilikuwapo, na misiba ina wazazi. Katika misiba ya jinsi hii hakosekani mtu wa kumwambia mama kwamba Mungu alimpenda mwanawe zaidi, au kwamba ni mapenzi yake. Iwapo mama mwenyewe ameyatamka maneno hayo kwa kuwa yanamshikilia asianguke, ni yake, na nani awezaye kumpokonya? Lakini sisi tusimwekee kinywani. Risasi hutoka katika bunduki, na bunduki hushikwa na mtu mwenye jina na mshahara. Tukimtwika Mungu kazi ya mtu huyo, tunamfanya Mungu muuaji na tunampunguzia muuaji mzigo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga. Ikiwa kweli twaamini kwamba Mungu ni mzazi, basi mahali pake katika matanga yale ni mkekani pamoja na mama.

Je, mbona mzazi huyu mwenye uwezo wote hakuizuia risasi? Sina jibu, na mwalimu adaiye kwamba analo namwogopa kidogo. Ninalolijua ni kwamba vitabu vyetu vitakatifu havimkatazi mtoto kuuliza. Takriban thuluthi moja ya Zaburi 150 ni malalamiko. Katika Sura ya Yusufu, nabii Yakubu alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, wala hakuhesabiwa kuwa mtovu wa imani. Yesu msalabani alilalama kwamba ameachwa, na aliyemlalamikia ni yule yule aliyezoea kumwita Baba. Yeyote aliyelea watoto anafahamu jambo hili: mtoto hulia kwa sauti pale anapojua kwamba yuko mtu wa kumsikia. Aliyekata tamaa hunyamaza. Kwa hiyo mwanafunzi anayekuja ofisini kwako akinung'unika kwamba Mungu amewasahau nyumbani kwao, karo haijalipwa na mama amelazwa, usiharakishe kumkemea. Yule wa kuhofiwa ni mwenzake wa dawati la nyuma aliyeacha kunung'unika tangu muhula uliopita. Mungu si Athumani, twapenda kusema, lakini mtoto huyo angependa aone mkono.

Na hapo pana jambo ambalo makanisa na misikiti ya Kiuu inaweza kulitenda pasipo kungoja serikali ya kaunti wala mfadhili. Wanafunzi wengi wa mtaa huu huishi katika chumba kimoja na wazazi na ndugu zao. Usiku, redio ya jirani ikiwa juu na mtoto mchanga akilia, hapana mahali pa kufungulia kitabu. Wakati uo huo, nyingi za nyumba zetu za ibada, zenye viti na taa za stima zilizonunuliwa kwa sadaka za wazazi hao hao, hufungwa kwa kufuli tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Zikifunguliwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, mwalimu mmoja au wawili wakipokezana zamu ya kukaa na watoto, gharama yake ni stima ya saa nne. Nimeanza kuulizia kanisani kwangu. Ufunguo, nimeambiwa, uko kwa mzee wa kanisa, naye amesema atalileta jambo hili mbele ya kikao cha mwezi ujao.