ACHA KUZAMIA MELI, ZAMIA BAHARI YENYEWE!

Ndugu msomaji, wewe uliyeegemea ukuta kijiweni Manzese, na wewe unayechungulia gazeti la jirani ndani ya daladala, nina swali. Unajua neno "uzamivu" limetoka wapi?

Limetoka kule kule kwenye kuzamia. Ila kuzamia tunakokujua sisi vijana wa Dar ni kujificha ndani ya meli pale bandarini, ukaishi kwa biskuti, ukimwomba Mungu mabaharia wasikutose. Wenzetu wanazamia na barua ya kazi mkononi. Wanasomea shahada ya uzamivu, ile ya kuitwa daktari bila kudunga mtu sindano, na baadhi yao wanazamia bahari yenyewe: wanatafiti namna ya kulaza bomba la gesi chini ya maji lisipasuke.

Usicheke. Bomba la baharini siyo mpira wa kumwagilia bustani. Gesi ya moto ikipita, chuma kinatanuka na bomba linajipinda kama nyoka. Mikondo ya maji inachimba mchanga chini yake mpaka linaning'inia. Na kule kwenye miteremko udongo ukiporomoka, unaondoka na kila kitu.

Waaustralia walilijua hilo kwa maumivu. Mwaka 1982 walikuwa wakisimika jukwaa la gesi la North Rankin. Nguzo za chuma zilizotakiwa kupigwa nyundo zikazama zenyewe makumi ya mita, kama msumari kwenye unga! Udongo ulikuwa wa magamba na mabaki ya viumbe wa baharini, na hesabu walizozizoea hazikuufaa. Wakafanyaje? Walitengeneza wataalamu wao. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Western Australia, mjini Perth, kikafungua kituo maalumu cha kutafiti misingi ya mitambo ya baharini. Leo vijana kutoka kila pembe ya dunia wanakwenda kusomea pale.

Wanorwe nao. Mwaka huo huo wa 1997 waligundua gesi ya Ormen Lange, na iko ndani ya kovu la poromoko kubwa la chini ya bahari liitwalo Storegga, lililotokea miaka kama 8,000 iliyopita. Kabla ya kulaza bomba waliwauliza watafiti: litaporomoka tena? Watafiti walifanya kazi miaka kadhaa ndipo wakajibu. Gesi ikaanza kutoka 2007.

Na huko Norway nafasi ya uzamivu ni ajira. Inatangazwa hadharani, kwa kawaida miaka mitatu, mshahara unapokea na kodi unakatwa. Mtanzania mwenye shahada ya pili ya uhandisi na alama nzuri anaruhusiwa kuomba. Haulizwi mjomba wake ni nani.

Sasa tuje hapa kwa Wadanganyika. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na tangu 2004 inapita kwenye bomba chini ya bahari, inatokea Somanga, inakuja mpaka Ubungo. Hiyo ni ya maji mafupi. Nchi nzima tunahesabiwa futi za ujazo trilioni 57, na sehemu kubwa ipo kwenye kina kirefu, baadhi ya visima maji yake yana kina cha kama mita 2,500. Ili ifike Lindi inahitaji bomba la kama kilomita 100 likipanda mteremko kutoka huko gizani. Nani anaujua udongo wa pale? Makampuni ya wageni, ambao ndio waliopima. Sisi tutasubiri kusomewa.

Mikataba ya aina hii huwa na kifungu cha fedha za mafunzo. Mwaka jana nilikwenda ofisi moja ya umma (jina naliweka akiba) nikauliza: ni vijana wangapi wamepelekwa kusomea uzamivu wa mambo ya sakafu ya bahari? Bwana mkubwa akanitazama viatu. "Wewe una elimu gani?" Nikasema kidato cha nne. Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Haya ni ya wataalamu, kijana." Kweli Fizikia ilinishinda, sigombei nafasi hiyo. Lakini kuhesabu majina kwenye orodha naweza!

Tena usiri huu siyo mgeni. Novemba 2014 kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, PAC, iliagiza viongozi wawili wa TPDC wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba 26 ya gesi. Kama mbunge anafichwa, wewe wa kijiweni je?

Mei 2023 tuliambiwa mazungumzo ya mradi wa Lindi yamekamilika. Baadaye yakarudi mezani. Basi kwa kuwa karatasi ziko mezani, uandikwe mstari mmoja zaidi: nafasi kadhaa za uzamivu kila mwaka, zinazolipiwa na mradi, zitangazwe magazetini, na majina yabandikwe ukutani kama matokeo ya mtihani.

Mdogo wako yuko kidato cha tatu na hesabu anaziweza? Mwache achukue Fizikia, Kemia na Hesabu, aende uhandisi. Halafu mbunge wako akija kuomba kura, mwulize idadi ya hizo nafasi. Akianza kukuambia habari za fulana na kofia, mrudishe kwenye idadi.